Furu wa Ziwa Victoria: ziwa la samaki mamia limebaki na watatu

Mtoto wa Nansio (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Ukerewe, tulikuwa na msiba. Siku ya matanga jioni, watu walipopungua, nikashuka ziwani na mtoto wa kaka yangu. Ana miaka tisa. Pale kwetu kuna majabali yanayoingia majini, na huyo bwana mdogo ndiyo ofisi yake: kamba ya nailoni, ndoana ndogo, chambo nyungunyungu. Hazikupita dakika mbili akatoa kisamaki cha kuenea kiganjani. Mgongoni mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavuni njano, na juu ya hiyo njano mistari myeusi ya kusimama. Nikatoa simu nimpige picha.

Nikamuuliza, huyu anaitwaje?

"Furu, ba'mdogo."

Furu gani?

"Furu tu. Chambo."

Akamtupa kwenye ndoo ya maji walimokuwa wenzake sita saba. Kaka yangu anawatunga wazima kwenye ndoana za sangara.

Usiku usingizi uligoma, nikaanza kusoma. Kumbe kuna furu wa rangi hizo hizo ambaye mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina Haplochromis nyererei, siku hizi anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere huyu huyu wetu. Sisemi wa kwenye ndoo ndiye hasa, maana kwenye majabali yale wanaofanana naye ni wengi, lakini mpaka leo nacheka na kusikitika kwa pamoja: Baba wa Taifa tumemtunga kwenye ndoana.

Nikazidi kusoma. Ziwa letu lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Na ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, kwa hiyo aina zote hizo zimechipuka juzi tu kwa kalenda ya viumbe. Kisha, ndani ya muda usiofika miaka kumi, takriban aina 200 zikapotea. Nyingine zilipotea hata jina hazijapewa.

Mtoto wa mvuvi leo mwambie ataje samaki wa ziwani, atataja sangara, sato na dagaa, basi. Wengine walikwenda wapi, na kuondoka kwao kumetugharimu nini? Wazee wa kanda ya ziwa karibuni. Wataalamu pia, ila msije na lugha ya semina.

Kinyozi wa Buhongwa

Pole kwa msiba mkuu. Ila hizi mada zenu za kulilia visamaki vya miiba mimi huwa sizielewi. Sangara kajenga Mwanza. Viwanda vya minofu, malori ya barafu, nyumba za watu Igoma na Nyakato, ada za shule, vyote sangara. Furu alimjengea nani? Tuwe wakweli, ukiwekewa mezani furu na sangara utashika yupi?

Mzee Karabai

Vijana siku hizi mnaingia kwenye kikao bila shikamoo. Haya, nimeitikia mwenyewe.

Kinyozi, furu alinijengea mimi. Niliingia ziwani mwaka 1974 nikiwa kijana mdogo, upande wa Ghuba ya Mwanza. Kokoro moja la furu, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukoni, watu wanane kuvuta, mtumbwi unajaa kabla chai haijapoa. Akina mama walikuwa wanawapokea pale pale mchangani, wanawatumbua kwa kisu kidogo, wanawaanika juu ya majabali. Siku mbili za jua, furu amekauka, anatiwa kwenye gunia anasafiri hadi Shinyanga na Tabora. Hakuhitaji kuni, barafu wala tajiri. Mama mwenye wajane wenzake wawili na ungo alikuwa na biashara.

Sangara wa kwanza kumwona nilidhani ni kitu kimetoroka baharini. Walikuwa wanakuja mmojammoja, wanatuchania nyavu. Watu walimwogopa, ana mafuta mengi na macho yanang'aa. Ukimwanika anaoza, hakauki. Mpaka umkaushe kwa moshi au umkaange kwenye mafuta yake mwenyewe. Ndipo vilima vya karibu na mialo, pale tunapoteremshia samaki, vikaanza kunyolewa miti ya kuni. Sasa hivi ukipita baadhi ya visiwa utadhani vilizaliwa vipara.

Kufika 1985, 1986, kokoro la furu lilikuwa linarudi na uduvi na vidagaa. Tunavuta mara ya pili, uduvi. Nakumbuka mwenzangu alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi akasema, "Jamani, tumekosea ziwa?" Tukacheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka.

Na jambo moja hamlisemi. Kumvua sangara kunataka nyavu za inchi sita, saba, mtumbwi mkubwa, injini. Sikuwa na hiyo pesa. Nikageuka kibarua kwenye chombo cha mtu mwingine, kwenye ziwa lile lile nililokuwa na mtumbwi wangu.

Kinyozi wa Buhongwa

Shikamoo mzee. Nimeelewa kidogo.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Nasomea mambo ya uvuvi, nitajaribu kutotumia lugha ya semina.

Sangara si wa ziwa hili. Alitolewa ziwa Albert na Turkana. Kumbukumbu zinaonesha aliingizwa kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, kisha 1962 na 1963 akaingizwa rasmi. Wazo la maofisa wa wakati ule lilikuwa jepesi: ziwa limejaa visamaki vidogo visivyo na bei, tulete samaki mkubwa avile, kisha sisi tumle yeye. Si kwamba hakuna aliyekataa. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga jambo hilo. Aliyekuwa na ndoo ya vifaranga hakusubiri mjadala.

Furu kwa wakati huo walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa zima. Asilimia 80! Na kwenye ripoti za kizungu waliitwa "samaki takataka". Mwaka 1976 Mwanza kikafunguliwa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo, meli ya kukokota nyavu ikawa inawazoa kwa tani kila siku. Kwa hiyo kabla sangara hajashamiri huku kwetu, wa kwenye tope tayari walikuwa wamepungua maeneo ilikopita ile meli.

Kingine ni bahati tu. Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilifika Mwanza kuwachunguza furu. Frans Witte na wenzake walikuwa wanawahesabu, wanawachora, wanawapanga: huyu anakula konokono, huyu anakwangua mwani kwenye mawe, huyu anakula magamba ya wenzake, huyu anamlazimisha jike ateme vifaranga alivyovihifadhi mdomoni halafu anavila. Kila mmoja na kazi yake. Wakiwa katikati ya kuhesabu, wanaohesabiwa wakaanza kupotea. Ni mara chache kifo cha namna hiyo kinatokea mbele ya watu walioshika daftari.

Nyathi wa Dunga

Sasa wadau, niko Kisumu. Huku tulianza kuumia mapema kuliko nyinyi, mbuta (ndiye huyo sangara wenu) alijaa kwa ghuba yetu mwisho wa miaka ya sabini. Furu sisi tunamwita fulu. Nyanya yangu hadi alipofariki alikuwa akisema hakuna mboga ilimshinda fulu wa kukausha.

Nauliza kitu. Huko kwenu yale mabaki ya mbuta, kichwa na mgongo baada ya kiwanda kutoa minofu, mnayaitaje? Huku ni mgongo wazi. Minofu inapanda ndege inaenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunanunua mfupa.

Mama Mapanki

Ndiyo sisi hao, tunaita mapanki. Nimeyauza miaka kumi na moja, nimesomeshea watoto, siwezi kuyatukana. Yanakaangwa, yanaanikwa, yanakwenda mpaka mikoa ya mbali. Siku hizi hata mapanki yanagombaniwa na wa chakula cha kuku.

Lakini utajiri wa sangara sasa hauko kwenye nyama wala mfupa, uko kwenye bondo. Lile puto la ndani. Likikaushwa linakwenda Uchina na Hong Kong, na kilo yake inaipita mbali kilo ya minofu. Nimeona watu wanapigania tumbo la samaki, nyama wamemwachia mwenye njaa.

Mzee Karabai kasema kweli kuhusu wajane na ungo. Bibi yangu aliuza furu, mama yangu dagaa, mimi mapanki. Bibi ndiye pekee aliyekuwa hadaiwi na mtu.

Hoja kwa Hoja

Naona uzi unaelekea kumnyonga sangara peke yake. Ngoja niharibu sherehe.

Samaki waliokuwa wakipendwa hasa hapa ziwani ni ngege na mbiru. Nyavu za kisasa ziliingia mwanzoni mwa karne iliyopita, 1905 hivi upande wa Kenya, na kufikia 1927 na 1928 Waingereza walilazimika kufanya utafiti wa ziwa zima kwa sababu ngege anapungua kwenye nyavu. Sangara hakuwepo! Ilikuwa sisi na nyavu zetu. Ningu naye anapanda mitoni kutaga wakati wa mvua, watu wanazungushia mdomo wa mto nyavu, wanamkamata na mayai yake. Hiyo nayo alileta mzungu?

Tena ongeza mbolea na udongo unaoshuka kutoka mashamba yaliyofyekwa mpaka ukingoni, maji machafu ya miji, mafunjo tuliyoyakata tukalima mpunga. Maji yakarutubika kupita kiasi, mwani ukajaa, ukifa unaoza chini na kula oksijeni yote. Furu wa kina kirefu angeishi wapi hata kama sangara angekuwa mla majani?

Na la mwisho mtanichukia. Huyo sato mnayemwita "samaki wetu wa asili" naye ni mgeni. Aliletwa miaka ile ile ya hamsini, akamsukuma ngege nje ya nyumba yake na kuzaa naye. Mkiwa hotelini mnasema "niletee sato wa ziwani, sitaki wa bwawani", jueni mnaagiza mhamiaji.

Kinyozi wa Buhongwa

Sato mgeni?? Hii siwezi kuikubali mpaka nithibitishiwe. Sato kabisa?

Mwanafunzi wa Nyegezi

Yuko sahihi. Sato tunayemla leo ni Oreochromis niloticus, wa maziwa mengine. Wa kwetu ni ngege, Oreochromis esculentus, na mbiru. Ngege sasa ni wa kumtafuta kwenye viziwa vya pembeni.

Ila Hoja kwa Hoja, usitenganishe mbolea na sangara kama vitu viwili. Sehemu kubwa ya furu walikuwa wanakula mwani na uchafu unaozama chini. Yaani ndio waliokuwa wafagiaji. Sangara alipowala wafagiaji wakati ule ule mbolea inaongezeka, nani angefagia? Wengine walikuwa wanakula viluwiluwi vya vidudu vya ziwani. Mnayaona yale mawingu meusi ya vidudu yanayoinuka juu ya maji kama moshi, mpaka mnafunga madirisha? Na ule uduvi wa mzee Karabai: waliokuwa wanaula na waliokuwa wanashindana nao wameondoka, ukajaa kila mahali, na sangara mdogo sasa anaishi kwa huo huo uduvi, na kwa watoto wa sangara wenzake. Mtandao wa chakula wenye nyuzi mamia ulibaki na nyuzi chache.

Nyathi wa Dunga

Ngege bado tuko naye. Ziwa Kanyaboli, huko Siaya, limetengwa na ziwa kubwa na kinamasi cha Yala. Mbuta hawezi kupita kwa mafunjo kwa sababu pale ndani hewa ya maji ni kidogo na yeye anataka hewa nyingi. Fulu na ngege wanavumilia. Kwa hivyo kile kinamasi ndicho ukuta wao. Na wanaotaka kukikausha walime hawaishi, kila baada ya miaka kadhaa wanakuja na mpango mpya.

Magugu maji pia yalituonyesha kitu. Yalipofunika ghuba miaka ya tisini hatukuvua, mashua zilikwama, lakini kamongo na mumi waliongezeka chini ya yale majani. Mbuta hakukaribia. Sisifu magugu jamani, yalituua njaa. Nasema tu.

Mtoto wa Nansio

Umenikumbusha. Magugu yalipofika Mwanza nilikuwa mdogo, meli ilikuwa inachelewa kutia nanga. Baadaye wakaletwa wale mbawakawa wa kuyala.

Mwanafunzi, nimeona mahali kwamba kuna furu wamerudi. Kweli?

Mwanafunzi wa Nyegezi

Kweli, nusunusu. Miaka ya tisini sangara alipovuliwa sana, furu kadhaa walionekana tena, wengine kwa wingi, hasa wa maji ya wazi. Wa kwenye majabali hawakuwahi kuisha kabisa kwa sababu wanajificha kwenye nyufa. Ndiyo maana mpwa wako anawapata pale Ukerewe.

Mzee Karabai

Mtoto wa kaka si mpwa. Mpwa ni wa dada.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Samahani mzee, mwanawe.

Naendelea. Tatizo la pili ni rangi. Yule nyererei mwekundu ana ndugu yake wa karibu wa bluu, anaitwa Pundamilia pundamilia. Wanaishi jabali moja, wa bluu juu, mwekundu chini kidogo ambako mwanga unaofika ni wa wekundu. Kinachowatenganisha ni macho ya jike: jike wa mwekundu anamtaka mwekundu, wa bluu anamtaka wa bluu. Sasa maji yakichafuka jike haoni vizuri. Ole Seehausen na wenzake walichapisha jambo hili mwaka 1997 baada ya kufanya kazi kwenye visiwa vya Ghuba ya Mwanza: kadiri maji yanavyokuwa na ukungu, ndivyo rangi zinavyofifia na aina zinavyopungua, maana wanachanganyika wanazaa machotara. Hakuna aliyeliwa. Hakuna maiti. Jamii mbili zinaingia gizani, inatoka moja ya kijivu.

Mama Mapanki

Hii ya giza imenigusa kuliko ya sangara.

Hoja kwa Hoja

Na ndiyo hoja yangu. Sangara unaweza kumvua. Hayo maji utayachuja na nini?

Halafu linganisheni na vyura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa. Chura mdogo, maporomoko mamoja tu duniani, ameonekana 1996, bwawa la umeme likakata maji mwaka 2000, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Lakini kabla ya hapo vyura 499 walipakiwa ndege kwenda Marekani, wakafugwa, 2012 wakaanza kurudishwa. Watu walilalamika hela nyingi kwa chura. Sawa. Furu aina 200 walipandishwa ndege gani?

Mwanafunzi wa Nyegezi

Wachache walipandishwa. Wapo furu wa ziwa hili kwenye matangi ya Ulaya na Marekani mpaka leo, wanazalishwa kizazi baada ya kizazi. Shida ni kwamba chura alirudishiwa mvuke wake kwa kufungiwa mabomba ya kunyunyiza maji. Ziwa la kilomita za mraba 68,800 huwezi kulifungia bomba.

Kinyozi wa Buhongwa

Nimesoma uzi wote tangu asubuhi, nimeacha wateja kwenye kiti. Bado nasema hatuwezi kurudi kwenye furu, watu ni wengi mno. Ila swali langu la mwanzo nalirekebisha. Nilidhani sangara ni mtaji. Kumbe mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili Mwanza nzima ilitetemeka, nilikuwa mtoto lakini nakumbuka mzee alikaa nyumbani. Na 2018 ile Operesheni Sangara, nyavu zinachomwa, watu wanakimbia mialo, kwa sababu tunavua watoto wasiofika sentimita 50. Kama tungekuwa na samaki ishirini wa kutegemea, mmoja akiyumba unamgeukia mwingine. Sasa tukiyumba kwa sangara tunamgeukia dagaa, tunamwashia usiku karabai zetu zote.

Mzee Karabai

Na dagaa naye siku hizi anakuja mdogo.

Mtoto wa Nansio

Mzee, nina ombi moja. Nataka niandike majina ya furu kabla wazee hamjaondoka. Wa konokono mlimwitaje? Wa mawe? Huyu mwekundu?

Mzee Karabai

Nimekaa na swali lako tangu magharibi. Nimempigia simu mwenzangu, yule wa "tumekosea ziwa". Domodomo tunalo jina, gogogo tunalo, nembe, soga, hongwe, ningu. Furu wote tuliwaita furu. Wa mawe tukasema furu wa mawe. Wa tope, furu wa tope. Walikuwa wengi sana, mwanangu, nani angekaa kuwapa majina?

Mama Mapanki

Nansio, na yule wa kwenye ndoo mlimfanyaje?

Mtoto wa Nansio

Kaka aliingia ziwani nao saa kumi na moja jioni, akawatunga. Asubuhi kulikuwa na sangara mmoja, kilo mbili na kitu. Ndiye tuliyewapikia wageni wa matanga.